Kijiko cha Magadi

Naikumbuka vyema asubuhi moja kule Migwani, mwanangu, nilipomwaibisha mzee aliyenipokea kama binti yake. Nilimwaibisha mbele ya akina mama wa kanisa, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba ukweli uko upande wangu.

Nilikuwa nimeolewa miaka miwili. Mama mkwe alikuwa amefariki kabla sijafika, mume wangu alifanya kazi mbali, kwa hivyo jiko lilikuwa langu peke yangu. Niliyempikia kila siku alikuwa baba mkwe, Mzee Mutua. Yeye alipenda muthokoi, yale mahindi yetu yaliyotwangwa yakatoka maganda, yakapikwa na mbaazi. Ukimpa wali aliula kwa heshima tu. Ukimpa muthokoi alianza kusimulia hadithi.

Kisha akapatikana na presha. Daktari alimwandikia dawa, akaniambia mimi, kwa kuwa ndiye mpishi, nipunguze chumvi sana. Nilitii. Nilichukua kopo la chumvi nikaliweka juu ya kabati ambako hata mimi nililifikia kwa kupanda kiti. Jumapili nikawatangazia wenzangu kanisani kwamba nyumbani kwetu chumvi imekwisha kazi.

Tulirudi kliniki mara ya kwanza, presha iko pale pale. Mara ya pili, pale pale. Dawa anameza, nimemwona kwa macho yangu. Basi nikaanza kufikiri. Kila siku ya soko mzee alienda kuangalia mbuzi na wenzake, na karibu na mbuzi kuna kibanda cha supu. Sikuuliza mtu. Nilijipa jibu mwenyewe.

Akina mama wa kanisa walipokuja kumwombea, mmoja akauliza hali yake. Nikajibu mimi, na sahani ya mzee ingali mkononi mwangu.

"Atapona vipi? Mimi napika bila chumvi, yeye anaenda kunywa supu sokoni."

Mzee Mutua aliipokea sahani, akaiweka chini taratibu.

"Mama, mimi nakula kwako tu," akasema.

Sikumwamini. Lakini toka siku hiyo hakwenda sokoni tena. Fimbo yake ilikaa nyuma ya mlango. Alikula kidogo, akiangalia chini, na hadithi zikaisha. Mzee aliyejua kila mbuzi wa Migwani akawa wa kukaa nyuma ya nyumba, kwa kuogopa watu wasimwone barabarani wakasema anafuata supu.

Ndipo alipokuja dada yake kutoka Mwingi, Shangazi Kamene. Alikuwa amepika katika shule ya bweni hadi akastaafu. Alimwangalia kaka yake, akasikia kwake habari ya supu, akaniangalia mimi, kisha akavuta kigoda akaketi jikoni.

"Pika," akasema. "Mimi nipo tu."

Nikapika kama siku zote. Mahindi na mbaazi kavu sufuriani, maji, moto. Na kwa kuwa sikuwa nimeloweka kitu, nikachota kijiko cha magadi nikatia. Baadaye kidogo nikaongeza cha pili, maana mbaazi zilikuwa ngumu. Mwisho nikavunja vipande viwili vya kiungo cha supu, vile vya kufungwa kwa karatasi, ili chakula kisicho na chumvi kipate ladha.

"Hiyo nyeupe ni nini?"

"Ni magadi, Shangazi. Inalainisha haraka."

"Ukiloweka jioni, mbaazi zitakataa kuiva?"

"Sina wakati, Shangazi."

"Aiya! Lakini wakati wa kumshuku kaka yangu ulipata."

Alitia magadi kidogo kiganjani mwangu. "Onja." Nikaonja. Akavunja kipande cha kiungo. "Na hiki." Nikaonja tena.

Mwanangu, vyote viwili vilikuwa vya chumvi. Nilikuwa nimevitia kwa mkono wangu miezi yote ile, na ulimi wangu haukuwa umeulizwa.

"Kopo umelipandisha juu ya kabati," Shangazi akasema, "na chumvi umeiacha sufuriani. Ulimsema mbele ya nani?"

"Akina mama wa kanisa."

"Basi unajua pa kwenda kuyarudisha hayo maneno. Lakini kwanza nikufundishe kupika."

Nilifundishwa hivi, nami hadi leo napika hivyo. Jioni loweka muthokoi na mbaazi katika maji mengi. Asubuhi mwaga hayo maji, tia mapya, chemsha kwa nguvu kama saa moja mpaka mbaazi zianze kubonyea ukizibana kwa vidole. Funika sufuria ikiwa bado inatokota, uiweke ndani ya kikapu kikubwa ulichokitandika blanketi kuukuu, ufunike kwa blanketi jingine, na usifunuefunue. Kikapu kitamalizia kazi huku wewe uko shambani, bila kuni wala makaa. Ukirudi, rudisha sufuria motoni ichemke tena. Kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta, ongeza nyanya, kitunguu saumu na majani ya kunde yaliyokatwa, uchanganye na vilivyomo sufuriani. Dhania iingie mwisho. Ukiisha kuepua, kamulia ndimu. Ile ndimu ndiyo iliyomfanya mzee asahau chumvi.

Akina mama walipokuja tena, nilisimama mbele yao nikasema ni mimi. Si supu, ni magadi yangu. Mmoja akashika mdomo. "Mbona hata mimi natia!" Mwingine akainama akatazama viatu vyake.

Mzee Mutua aliinua kichwa. Kisha akauliza, "Leo si ni siku ya soko?"

"Ndiyo, baba."

"Nileteeni fimbo yangu."

Kliniki iliyofuata presha ilikuwa imeanza kushuka. Dawa hakuziacha, na daktari hakutaka aziache.

Leo mna gesi, mna sufuria za kuivisha upesi, na mimi ninazo. Lakini kikapu changu bado kipo kando ya jiko. Nakuambia basi, mwanangu: ukiambiwa umpikie mgonjwa, onja kila kinachoingia sufuriani kimoja kimoja, soma hata karatasi ya kiungo, na loweka mapema ili haraka isikupikie. Na chakula kikikataa kufanya kazi, anza kuuliza jikoni kwako kabla hujamtaja mtu. Ukikosea mbele ya watu, kiri kosa lako mbele ya watu hao hao.

Mungu akupe mikono yenye subira na moto usiokuzimikia. Awape afya wote watakaoketi kula kwako, na kila mmoja wao aende sokoni kichwa juu.