Wiki ya Mashine ya Kuoshea Miwani

Mashine niliyofanyia utafiti wa shahada ya pili haikuwa ya kemia. Ilikuwa ya kuoshea miwani. Niliiazima kwa fundi miwani mmoja hapa mjini Songea, kuanzia Jumatatu asubuhi hadi Ijumaa saa kumi jioni, nikaipandisha Matogoro, kwenye shule ninayofundisha, kwa bodaboda nikiwa nimeipakata mapajani.

Ni beseni la chuma lisilozidi sufuria ya kupikia ugali wa watu wanne. Unatia maji, unawasha, na chini yake kuna kitu kinachotikisika haraka mno hadi kinatoa sauti ambayo sikio la mtu haliisikii. Wewe unasikia mluzi kidogo tu, kama wa nyenje. Ni sauti ya jamii ile ile wanayotumia hospitali kumtazama mtoto tumboni, ila ya hospitali ni ya upole. Hii ya miwani inapopita kwenye maji inayavuta na kuyabana, vinazaliwa viputo vidogo visivyoonekana, kisha vinabonyea ghafla. Kila kiputo kinapobonyea, mahali pale padogo panapata joto kupita jiko lolote, halafu panapoa kabla maji ya jirani hayajapata habari. Kwenye miwani, kishindo hicho kinang'oa uchafu. Kwenye chupa ya kemikali kinazisukuma molekuli zilizokuwa zikisitasita, na kazi ya kukoroga saa kadhaa inakwisha kwa nusu saa. Kama hujaelewa mara ya kwanza, usijali. Mimi nilielewa mara ya tatu.

Nilichanganya vimiminika viwili, kimoja kinanukia lozi na kingine kinanukia maua, pamoja na spiriti na kostiki ile ya watengeneza sabuni. Vikikubaliana, vinatoa chembe za rangi ya njano hafifu. Msimamizi wangu chuo kikuu alitaka chembe hizo zitoke mara tatu, kwa uzito unaokaribiana. Nisipozituma hesabu hizo wiki hiyo, ningesubiri mwaka mwingine kuwasilisha tasnifu. Nilikwisha kusubiri miwili.

Jumatatu niliendesha mwenyewe. Chembe zilitoka nyingi, nzuri, nikazipima, nikaandika. Nilikula wali siku hiyo.

Jumanne nilikuwa na vipindi vya kidato cha tatu, kwa hiyo nilimwachia kazi mhudumu wa maabara yetu, mama wa makamo kutoka Namtumbo ambaye hajawahi kuvunja hata bomba moja la kupimia. Nilimwonyesha mara moja. Niliporudi baada ya vipindi, chupa ilikuwa imeoshwa kwa nje na kufutwa, imesimama mezani. Ndani mlikuwa na kimiminika kilekile cha asubuhi, na chembe za kufunika ukucha mmoja.

Nililaumu baridi, maana ulikuwa mwezi wa Julai na Matogoro mwezi huo haina utani. Jumatano tukatia maji ya uvuguvugu. Hakuna kitu. Nikalaumu umeme. Fundi miwani akapiga simu kuulizia hali ya mashine yake.

"Inaendelea vizuri," nikamwambia.

"Mwalimu, huku kuna mzee ana miwani yenye ugali. Usije ukaniharibia."

Jioni hiyo, mama alipokwisha kuondoka, niliipima mashine. Kipimo chake ni rahisi na hata wewe unaweza kukifanya. Chukua kipande cha karatasi ya alumini, ile ya kufungia chipsi, kizamishe kwenye beseni kwa dakika moja. Mashine ikiwa nzima, karatasi inatoka na vitundu kama chujio. Yangu ilitoka na vitundu. Basi mashine ilikuwa nzima, dawa zilikuwa zilezile, na aliyebaki kwenye orodha ya watuhumiwa ni mimi.

Alhamisi asubuhi nilipita nyuma ya maabara. Kwenye kamba kulikuwa na taulo jeupe, limeanikwa kwa vibanio viwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Umeamkaje?"

"Salama. Taulo hili la nani?"

"La mashine."

"La mashine?"

"Nalilaza chini, halafu kikapu cha waya, halafu chupa. Ile chupa inagongagonga, mwalimu, na tunayo moja. Ukichemsha chupa za mtoto bila kitambaa chini ya sufuria, zinapasuka. Chuoni hawakuwafundisha?"

"Hawakutufundisha."

"Ndiyo maana."

Kila jioni alikuwa analitoa, analikamua na kulianika, kwa sababu ni mtu safi. Nilipomweleza kilichotokea, alivua glavu.

"Siku mbili nimekuharibia. Mimi nirudi kwenye ufagio wangu."

Nikamwambia asubiri kwanza. Nilizamisha vipande viwili vya alumini, kimoja taulo likiwa chini, kingine bila taulo. Alivishika kimoja kimoja, akavielekeza dirishani.

"Kumbe sauti inatoboa."

"Inatoboa."

"Na taulo linaimeza."

Nimefundisha kemia miaka mingi na sijawahi kuieleza vizuri hivyo. Nikamrudishia glavu zake. Mchana huo tuliendesha pamoja, bila taulo, na chupa tukaishikilia kwa kibanio cha stendi isigongegonge. Uzito ulikaribia ule wa Jumatatu.

Ijumaa nikamwachia yeye peke yake. Fundi miwani alifika saa nane badala ya saa kumi, miwani ya yule mzee ikiwa mfukoni. Niliwasikia kutoka darasani.

"Mama, mimi ndiye mwenye mashine."

"Kaa hapo."

"Nina mteja."

"Mteja wako haoni, hawezi kwenda popote. Kaa."

Alikaa. Chembe zilitoka. Zilipokauka nikazipima, mama amesimama pembeni amekunja mikono, na uzito ukaingia kwenye mstari na zile mbili. Nikatuma zote tatu, pamoja na zile mbili zilizoshindwa na sababu yake, maana kosa lililoelezeka nalo ni matokeo.

Msimamizi alijibu Jumamosi. Zile tatu zinatosha, niendelee kuandika. Ila sehemu ya taulo imempendeza, niiweke kwenye tasnifu, na nitaje unene wake.

Nilimpelekea mama swali hilo Jumatatu.

"Mwambie nililikunja mara nne," alisema. "Na uandike lilikuwa safi."

Nimeandika.