Nilitengeneza vidole vya muhogo na wanangu kwa ajili ya Halloween, jumuiya nzima ikaniona mchawi

Wakuu, shikamooni mnaostahili shikamoo, wengine mambo zenu.

Haya yamenitokea mwenyewe, hapa Lewisville, Texas, na sijaongeza chumvi. Chumvi yote niliimalizia kwenye mihogo, mtaelewa mbele ya safari. Nimekaa nayo wiki nzima, nikaona nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mtanzania, elimu yangu form four, napaki mizigo warehouse. Nina watoto wawili. Neema ana miaka nane, yuko shule. Deo ana minne. Baba yao yuko laundry ya hoteli moja Dallas.

Shifti yangu inaanza mapema, kwa hiyo Deo anabaki na jirani yetu wa chini, mama mmoja Mrundi wa miaka sitini na kitu. Ni Mama Espérance, ila watoto wanamwita Bibi, na mimi nimezoea hivyo hivyo. Daycare hatuiwezi. Kazini nimeshakosa mara mbili kwa ajili ya mtoto kuumwa, na supervisor akaniambia siku ya tatu nisijisumbue kurudi.

Kwa hiyo kaeni mkijua tangu sasa: bila Bibi, mimi sina kazi.

Tuje kwenye Halloween.

Mwaka jana wanangu walizunguka hii apartment complex wakarudi na mfuko wa pipi mzito kama gunia la mkaa. Wakala mpaka Krismasi. Januari daktari wa meno akamfungua Deo mdomo, meno manne yametoboka. Mtoto wa miaka mitatu. Niliona aibu kama vile nimeyatoboa mwenyewe kwa msumari.

Mwaka huu nikasema pipi haziingii kwangu. Neema akanuna siku mbili.

Bahati nzuri shule ikaleta karatasi. Party ya darasa lao wanataka snacks zenye afya, za kutengeneza nyumbani ruksa, ila karanga na ndugu zake marufuku maana kuna mtoto zinamdhuru.

Neema akasoma, akaniangalia. "Healthy is boring, Mom. Unless it's gross."

Nikamwambia kama shida ni gross tu, umefika kwa mwenyewe.

Jumatano jioni tukaingia jikoni watatu. Ndizi tukazikata nusu, tukazisimamisha, tukazipaka mtindi mzito, macho tukaweka zabibu kavu, zikaingia freezer zikatoka mizimu. Mayai ya kuchemsha yakawa macho ya jitu: duara la karoti juu, katikati punje ya maharage meusi.

Halafu boga. Wenzetu hapa wanachonga boga, nyama yote ya ndani wanatupa kwenye taka. Roho inaniuma kila mwaka, maana kwetu hilo boga ni mlo wa familia nzima na majani yake ni mboga ya kesho. Nikaikwangua ile nyama, nikaichemsha, nikaikandia maandazi. Mbegu nikaziosha nikazikaanga kavu.

Na hapa ndipo akili ilipokuja.

Mbegu ya boga iliyomenywa, iangalieni vizuri. Ni kucha.

Nilikuwa na muhogo wa kuganda, wa paketi, ule tunaonunua duka la Wamexico. Nikauchemsha na chumvi, usiive sana. Nikautoa ule mzizi wa katikati, nikaukata vipande virefu vyembamba. Nikavichonga fundo mbili mbili kwa kisu. Neema akachora mikunjo kwa uma. Mwishoni mwa kila kipande tukabandika mbegu ya boga.

Wakuu, vile vilikuwa vidole. Sio mfano wa vidole. Muhogo ukipoa unakuwa na ile rangi ya mtu aliyekaa sana kwenye maji.

Deo kazi yake ilikuwa damu. Nilichemsha beetroot, nikampa maji yake na brashi. Alipaka vidole, akapaka meza, akajipaka mpaka sikio. Wote wawili walikula mihogo mingi kuliko waliyowahi kula tangu wazaliwe, na hakuna aliyetaja pipi.

Ningeishia hapo, uzi huu usingekuwepo.

Sasa Baba Neema ana tabia moja. Anadokoa chakula cha watoto kwenye friji. Huwezi kuweka kitu cha lunch box, asubuhi unakuta kifuniko tu. Nimesema mpaka nimechoka.

Nikaona leo nimkomeshe.

Sinia la shule nikalificha kabisa. Vidole vinane vilivyobaki nikavilaza kwenye trei nyeupe, nikavimwagia maji ya beetroot, nikafunika na foil, kimoja nikakiacha kimechungulia nje kinaelekeza kwenye soda yake. Pembeni nikaweka jicho moja. Nikalala nacheka peke yangu.

Asubuhi ya Alhamisi Baba Neema kapigiwa simu na hoteli awahi, katoka bila hata kugusa friji. Mimi nikaenda zangu kazini, nimesahau. Bibi akapanda kukaa na Deo. Deo akaomba maziwa.

Mnaona yanapoelekea.

Bibi kafungua friji, kidole kinamwelekeza. Kainua foil, vingine saba, na jicho linamtazama. Akamuuliza Deo hivi ni nini.

Mwanangu, kwa fahari zote, na kile Kiswahili chake cha kuchovya: "Mama amekata vidole. Mimi nimeweka blood."

Shahidi nimemzaa mwenyewe.

Bibi hakumwacha mtoto, hilo nampa heshima yake. Alimbeba akashuka naye kwake, akamnyunyizia maji ya baraka. Ila kabla ya kushuka alipiga picha, akamtumia mtu mmoja amwombee.

Huyo mtu mmoja ni Mama Prosper wa Mesquite.

Hapa niseme wazi, huyu mama sijamsamehe. Waswahili wa DFW, yaani Dallas, Fort Worth na miji ya jirani, tuna jumuiya ya sala, Watanzania, Warundi, Wakongo, tunazunguka nyumba kwa nyumba Jumamosi. Mama Prosper ana namba yangu. Tumekaa benchi moja kanisani. Angeweza kunipigia akaniuliza. Yeye aka-forward picha kwenye group, na chini yake voice note ya kunikemea, ndefu kama misa.

Simu kazini tunaacha kwenye locker. Saa ya lunch nafungua, naikuta imejaa kama mfuko wa pipi. Kabla sijasoma hata moja, kaka yangu anapiga kutoka Pearland, huko chini ya Houston, zaidi ya saa nne kwa gari. Habari imefika kwake kabla muhogo haujakauka.

"Dada, mimi sikuhukumu. Ila niambie tu, ni vidole vya nani?"

Nikakata simu.

Ujumbe wa mwisho ndio uliokuwa mbaya kuliko yote. Bibi. "Mama Neema, leo nakaa na Deo mpaka urudi. Jumatatu utafute mtu mwengine. Mi niliona vidole mu frigo, siwezi kulala."

Nilimaliza shifti kwa hasira, nikawa nafunga maboksi kwa gundi mara mbili mbili. Jioni nikamgongea Bibi nimweleze ni mihogo. Akanikabidhi mtoto kwenye upenyo wa mlango, akasema, "Bon, tumwachie Mungu," akafunga.

Ijumaa sina shifti. Neema alipeleka sinia shule, la vidole visivyo na damu nyingi. Likarudi tupu. Mwalimu aliandika kikaratasi kuuliza kile kitu kitamu kinaitwaje. Watoto wa darasa la tatu wameona chakula, watu wazima wenye ndevu na vitambulisho wameona maiti.

Na Jumamosi, wakuu, zamu ya jumuiya ilikuwa kwangu.

Anayepokea jumuiya anaandaa chai na vitafunwa, ndiyo desturi. Ijumaa hiyo nyudhuru zikaanza kuingia. Huyu ana shifti, yule mtoto anaharisha, mwingine gari limegoma. Nikajua nyumba yangu ikikaa tupu Jumamosi, basi nimeshathibitishwa, na Bibi harudi tena.

Nikaandika ujumbe wa kuwatukana wote, nikaufuta. Nikaandika mwingine, nikautuma kwenye group: "Kesho chai ipo. Vidole vipo. Karibuni."

Walikuja wote. Hata yule wa gari bovu. Mswahili ataogopa uchawi, ila hawezi kukubali asimuliwe na mwenzake.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Prosper, na chupa ya maji ya baraka mkononi.

Nilikuwa nimeshapanga mambo. Mezani katikati ya sebule nikaweka sufuria la mihogo, visu vya plastiki, mbegu za boga na bakuli la beetroot. Neema kavaa apron yangu, kawa mwalimu. Watoto wa wageni wote wakamzunguka, wakaanza kukata vidole kama kiwanda. Mizimu ya ndizi ikatoka freezer. Maandazi ya boga nikayaweka upande wa wakubwa.

Wakubwa wamekaa na mikoba mapajani kama wanasubiri basi. Tukasali rozari. Hakuna aliyegusa hata chai. Bibi alikaa kiti cha mlangoni, macho chini.

Mara Mama Prosper akapiga kelele, "Prosper, tema."

Mwanawe mashavu yamejaa. "Mom, it's just cassava. You make it every Sunday."

"Tema nimesema."

"That's my fifth one."

Mzee mmoja Mkongo akacheka mpaka akashika mbavu, akavuta kiti, akasema, "Lete nami kidole, mama, kile kinono." Baba Neema akatoka chumbani, mwizi mwenyewe niliyemtegea, akanyakua vitatu mbele ya kila mtu na kuuliza pilipili iko wapi. Baada ya hapo ilikuwa fujo. Maandazi yaliisha sijaonja hata moja.

Bibi peke yake hakunyanyuka.

Nikamfuata na kikombe cha chai. Nilikuwa na maneno yangu tayari, ya kumwonyesha kwamba nimeshinda.

Akaniwahi. Akasema taratibu, wengine wasisikie, "Mama Neema, mi najua muhogo. Nimelima muhogo. Deo aliponiambia umekata vidole, sikufikiria mchawi. Nilifikiria kule nilikotoka, wakati wa vita. Kule niliviona vya kweli."

Wakuu, ushindi wangu wote ulikauka mdomoni.

Mimi nilikuwa natega mtego wa kumkomesha mume, sikufikiria nani mwingine anafungua friji langu kila siku, na amepita wapi mpaka akafika Lewisville. Nikapiga magoti pale mlangoni na kikombe mkononi. Nikamwambia nisamehe, Bibi. Sio kwa sababu ya Jumatatu. Hata kama hurudi, nisamehe.

Akamwita Deo amletee kidole kimoja.

Deo akaleta, chekundu, kinachuruzika. Bibi akakigeuza, akakibonyeza, akakichunguza kama anayenunua sokoni. Chumba kizima kimegeukia mlangoni sasa.

"Huyu mtu wenu," akasema, "alikuwa mvivu. Kidole hakina sugu hata moja."

Akaking'ata. Akatafuna. Akaongeza, "Na chumvi ni kidogo."

Watu walicheka hadi jirani wa juu akagonga sakafu.

Jumatatu asubuhi nilisimama na viatu mkononi, sijui kama nivae au nimpigie supervisor nimwage unga. Mlango ukagongwa. Bibi, na bakuli limefunikwa kitambaa.

Ndani vidole kumi, kazi safi kuliko yangu. Vina mikunjo, vina kucha, na kila kimoja kwenye fundo kina kijipande cha ganda la muhogo kilichokaangwa kikawa kigumu, cha kahawia.

"Hizo ndizo sugu," akanionyesha. "Hivi ni vidole vya mtu wa kazi. Nenda kazini, utachelewa."

Nikaenda nalia ndani ya gari kama mjinga.

Nilichojifunza. Watoto hawachukii chakula chenye afya, wanachukia chakula kinachowahubiria. Wape kazi ya damu, watakula. La pili, mtego wa friji uandikie jina la mtu wako, kabla haujamnasa mwingine. La tatu, ukiona picha ya ajabu kutoka kwa mtu unayemjua, mpigie kwanza umuulize.

Mama Prosper hajaomba msamaha mpaka naandika hapa. Ila jana alituma ujumbe, anaomba nimwelekeze vile vidole, eti Prosper hali kitu kingine. Nimemtumia picha ya kidole kimoja tu. Ni cha muhogo, msinifikirie vibaya.

Nyie wenzangu mnaolea ughaibuni, mnawalisha nini watoto wenu msimu huu wa pipi? Na aliyewahi kuitwa mchawi kwa sababu ya chakula aje hapa tukae pamoja. Chai ipo.