Picha Aliyotunyima Shangazi Holo

Harufu ya naftalini ikinifikia puani, hata leo na uzee huu, mdomo huniwia mchungu na jina la Shangazi Holo hunijia kabla ya jina la Mungu. Msinihukumu mapema. Kitambaa cha Bwana Selemani, mpiga picha aliyekuwa akizunguka kwenye harusi za Shinyanga miaka ya hamsini, kilinuka hivyo hivyo. Kilichorwa ngazi na maua mekundu, na mgeni aliyetaka picha aliketi mbele ya kitambaa hicho, huku Bwana Selemani akijifunika shuka jeusi nyuma ya kamera ya miguu mitatu. Akishaondoa kifuniko cha lenzi, ilibidi utulie kama gogo mpaka akirudishe.

Wakati ule mdogo wangu Kabula alikuwa akiugua bandama. Tumbo lilikuwa limejaa na miguu imekonda, ila utundu wa macho ulikuwa pale pale. Mama aliposikia kwamba harusi ya binamu yetu kule Ngokolo ingekuwa na mpiga picha, alimshonea gauni la njano, akambeba mgongoni kutoka kijijini. Alitaka picha moja tu ya mwanawe.

Shangazi Holo, dada yake baba, alijipa mwenyewe kazi ya kupanga wageni. Mumewe alikuwa na duka kwenye machimbo ya Nyarugusu, basi ukoo mzima ulimnyenyekea. Kila tulipokikaribia kiti, aliita mtu mwingine. Jua likaanza kushuka, Bwana Selemani akatangaza kwamba imebaki picha moja. Mama akasogea mbele.

"Hapana, wifi," Shangazi alisema, watu wote wakisikia. "Mtoto mwenye tumbo kama hilo tumweke kwenye picha za harusi? Mpeleke kivulini apumzike."

Kisha akaketi yeye, kwa mara ya pili siku ile, akafungua mwavuli wake.

Kabula alifariki kabla pamba haijavunwa. Hapo sitasema mengi. Msibani mama hakumlaumu mtu, na pole za Shangazi alizipokea kwa upole mpaka nikamchukia na yeye kidogo.

Mwaka uliofuata Shangazi akamwoza binti yake. Kitambaa kilitundikwa nyuma ya nyumba, mbali na wanaume, na kwa sababu nzuri. Kwetu Wasukuma, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakutani uso kwa uso; wakionana njiani, mmoja huingia porini. Shangazi aliagiza picha yake iwe ya mwisho, apate muda wa kujipamba. Alikaa pale na hariri yake, shingo ameinyoosha utafikiri anavutwa nywele na mtu aliyesimama nyuma yake.

Nikamwona mama akienda kwa bwana harusi, kijana kutoka Kahama asiyeijua nyumba ile. Alisimama ubavuni kwake, akitazama chini kwa adabu zote. "Baba, mpiga picha anakuita huko nyuma."

Kijana akazunguka nyumba, akachomoza nyuma ya kamera wakati ule ule kifuniko kilipoondolewa.

"Mayu wane!" Shangazi alimlilia mama yake aliyekwishazikwa. Akajitupia khanga usoni, akaruka, akajikwaa kwenye kitambaa, ngazi na maua vikamwangukia. Mkwe naye akatokomea mahindini. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Picha ilipotoka ilionyesha ukungu mweupe na kiatu kimoja, na mpaka Shangazi anazikwa, watu wa Ngokolo walikuwa wakimuuliza habari za kile kiatu. Nilifurahi. Nafurahi hadi leo.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, mama peke yake hakucheka.

"Minza," aliniambia, "pua ya Kabula ilikuwaje?"

Nikajibu haraka kwamba ilikuwa fupi, imebonyea kidogo hapa juu.

"Na nyusi?"

Nikamweleza nyusi. Nilidhani ananipima kama nimemsahau mdogo wangu, nikajiona hodari kwa kujibu yote.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wangu, nilijaribu kuikumbuka ile sura, haikuja. Ndipo nilipoelewa. Mama hakuwa akinipima. Uso wa mwanawe ulikuwa umeshaanza kumtoka, na hakuwa na mahali pengine pa kuutafuta ila kwangu. Kwa hilo sijamsamehe Shangazi Holo, na sidhani kama nitamsamehe.