Wadhamini wa Mtu Mwingine

Ulimi wangu ni mkali, na wateja wangu wanajua. Anayeniletea barua ya kurasa sita saa kumi na moja jioni, akitaka itoke siku hiyo hiyo, nampa ukweli wake kwanza, kompyuta naiwasha baadaye. Mwaka wa kumi na moja huu ninawachapia vijana wasifu wa kuombea kazi katika chumba kimoja chenye meza mbili, printa inayokwamisha karatasi ikishazoea mtu, na benchi la kusubiria. Mimi mwenyewe sijawahi kuwa na wasifu. Chuo nakijua kwa mihuri ya vyeti vya watu.

Katika hao wote, yuko mmoja niliyemwita Binti wa Maji. Alisomea upimaji wa maji maabara, na ukimpa glasi huinua kwanza dirishani kabla ya kunywa. Kwa maji alikuwa na maneno mengi. Kwa watu, hakuwa nayo. Wenzake waliingia maofisini kusalimia huyu na yule, yeye alibaki benchini na bahasha yake ya kaki.

“Dada, kazi ni kujuana,” aliniambia siku moja. “Na mimi sina ninayemjua.”

“Mimi si unanijua?”

“Wewe unachapa tu, dada.”

Nilicheka, lakini iliniuma.

Miezi saba ilipita. Aliitwa kwenye usaili mara mbili, akatoka anatabasamu mara zote mbili, kisha kimya. Usaili wa tatu ulikuwa Jumanne, maabara ya maji hapa hapa mjini, kazi aliyoitaka kuliko zote. Jibu lingetoka Ijumaa. Ila nyumbani walishachoka kusubiri: mjomba wake alikuwa na duka la vipuri mji mwingine, na mwisho wa mwezi binti angekwenda kukaa kaunta.

Alhamisi alikuja nimwekee wasifu wake kwenye flashi. “Nikae nao tu, kumbukumbu,” alisema, na macho yake hayakutulia.

Nikafungua faili. Likafunguka ukurasa wa pili, penye wadhamini, wale watu watatu ambao mwajiri huwapigia simu kuuliza habari zako. Wa kwanza alikuwa mwalimu wake wa chuo. Wa pili na wa tatu sikuwaelewa. Nikawatazama tena, nikawatambua.

Lazima niseme ninavyofanya kazi. Wasifu sianzi upya. Nafungua wa mteja aliyetangulia, nafuta mambo yake, naweka ya huyu. Vichwa vya habari na mistari vinakuwa tayari vimekaa sawa. Siku niliyouchapa wa binti, umeme ulikuwa unacheza na benchi limejaa. Binti alihakiki ukurasa wa kwanza, nami nikamwambia, “Wa pili hauna neno.” Kumbe wadhamini wawili walikuwa wa kijana aliyemtangulia: mhasibu mmoja, na mzee aliyestaafu ukuu wa maabara. Haraka haraka haina baraka, nawaambia watu kila siku.

Ningeweza kurekebisha bila kusema. Nakiri nililifikiria hilo. Angechukua flashi yake, akaenda zake kwa mjomba, asijue maishani. Liwalo na liwe, nikageuza kioo cha kompyuta kumwelekea.

“Soma hapa chini. Nimekuharibia, mdogo wangu.”

Akasoma. Nilijikaza kungoja matusi, na nilistahili. Akakaa benchini taratibu.

“Kwa hiyo haikuwa mimi,” alisema. “Nilidhani wakiniona tu wananichoka.”

Hapo ndipo machozi yaliponitoka mimi.

Tukapiga simu, nimeweka sauti kubwa. Ya mhasibu haikupatikana. Mzee akapokea, na nilipojieleza akanguruma.

“Kumbe ni nyinyi! Nimepigiwa mara mbili kuhusu huyo binti, na mara zote nimesema simjui. Sasa niseme nini? Njia ya mwongo ni fupi!”

Nikaelewa kile kimya chote. Mwalimu alikuwa anamsifu, mzee anamkana, na mwajiri anaona tapeli.

“Na wa maabara ya mjini, mzee, wamekupigia?” niliuliza, roho juu.

“Jana walinikuta kwa daktari wa meno, mdomo una ganzi, sikuweza kusema. Wamesema watapiga kesho asubuhi.”

Binti akanyoosha mkono, akaichukua simu. Huyo huyo asiyekuwa na maneno.

“Shikamoo mzee. Sikuombi unisifu. Naomba ukipigiwa uwaambie majina yalikosewa.”

“Hilo nitasema. Kukusemea siwezi, sikujui. Uko mbali?”

“Hapana, mzee.”

“Basi njoo nikujue.”

Nikafunga duka mchana kweupe na kumsindikiza. Sebuleni kwa mzee hatukumaliza hata salamu.

“Unachukua sampuli ya maji bombani. Kifuniko cha chupa umekigusa kwa ndani. Unafanyaje?”

“Naiacha hiyo, imeshachafuka, nachukua chupa nyingine.”

“Huna nyingine, na umesafiri saa tatu.”

“Narudi bila sampuli, mzee. Naandika kwamba iliharibika.”

“Maneno hayo kila mtu anayo.”

“Nilishaandika,” alisema, akiangalia zulia. “Wakati wa mafunzo kwa vitendo. Nilisemwa mbele ya wenzangu wote.”

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Akamuuliza mengine kwa zaidi ya saa nzima, mimi nikiwa nimekaa kama niko kwenye usaili wangu. Mwishowe akasema, “Sasa nakujua kidogo. Hicho kidogo nitakisema.”

Asubuhi yake nilipeleka maabara wasifu uliorekebishwa, pamoja na barua ya kukiri kosa langu, nimeigonga muhuri wa duka. Ilikuwa barua yangu ya kwanza kuandika kwa ajili yangu mwenyewe.

Saa nane mchana binti aliingia akihema, bahasha haipo mkononi.

“Dada! Jumatatu naanza!”

Nilikaa chini kwenye benchi la wateja. Mzigo ulinitoka mabegani, nikacheka, nikalia, na mteja aliyekuwa anasubiri kopi za cheti akatoka nazo bure.

Mwaka jana alirudi. Kulikuwa na nafasi ya juu pale pale kazini, alihitaji wasifu mpya. Safari hii nilianza na ukurasa mtupu. Tukafika kwa wadhamini. Mwalimu wake. Kisha mzee, ambaye sasa binti humpigia kila akipata matokeo asiyoyaamini.

“Na wa tatu?”

“Weka namba yako.”

“Acha utani. Mimi nachapa tu.”

“Weka, dada.”

“Wakinipigia nitawaambia nini?”

“Waambie unanijua.”

Nikaandika namba yangu, tarakimu moja moja, kisha nikamwambia ausome ukurasa wa pili kwa sauti.