Mwanya wa Mama

Kama kuna kitu kinanikera katika useremala, ni fundi anayejaza kona kwa gundi na unga wa mbao. Ule mkanda wa urembo unaozunguka mlango ukikatwa vizuri, mbao mbili hukutana pale juu zikashikana zenyewe, hata ukipitisha ukucha husikii kitu. Mimi hukata hivyo. Mke wangu anasema najisifu, na kweli najisifu, lakini waulize wenye nyumba hapa Kasulu.

Tena mkanda si urembo mtupu. Fremu ikishasimama na plasta ikikauka, hubaki ufa kati ya mbao na ukuta, na ukuta wenyewe mara nyingi una tumbo. Mkanda unafunika aibu yote hiyo. Ndiyo maana naipenda kazi hii: unaingia chumba kinachoonekana kama bado kinajengwa, unatoka kimekuwa chumba cha mtu.

Tulipohamia nyumba yetu wenyewe nilikuwa na sababu ya kukazana zaidi. Mama yangu alikuwa akiishi peke yake kijijini Gwarama tangu baba afariki. Mwishoni mwa mvua aliteleza na ndoo ya maji kichwani, akabaki chini mpaka jirani alipopita. Habari ile iliniuma sana. Nikataka aje akae kwetu kabisa, si kututembelea. Shida ni kwamba kila alipokuja alikaa siku mbili tatu, furushi lake limefungwa vilevile kama lilivyoshuka kwenye gari, kisha anaaga.

Basi chumba chake nikakifanyia kazi ambayo hata mteja mkubwa sijawahi kumfanyia. Nilichagua mninga wenye rangi moja, nikachonga mifereji miwili kwa mashine, nikaparuza kwa msasa mpaka ukawa laini. Mlango na dirisha vyote nikavizungushia. Hapakuwa na ufa wa kupitisha hata wembe.

Mama alifika, akatusalimia salamu ndefu za kwetu huku akipiga makofi taratibu, akaulizia kila mtu na kila mbuzi. Kisha akaingia chumbani.

"Yebabawe!" akasema. "Hiki si chumba cha bwana mkubwa?"

Nikavimba kichwa. Lakini furushi akaliweka chini karibu na miguu yake, na halikufunguliwa.

Kesho yake mke wangu aliniita jikoni. "Mama anatafuta kitu mlangoni," akaninong'oneza. "Akimaliza kushona anapapasa fremu, juu mpaka chini, halafu anairudisha sindano kwenye kitenge."

Nilielewa papo hapo. Nyumba yetu ya Gwarama ni ya tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, na fremu ya mlango aliipachika baba mwenyewe, bila kuwa fundi. Kati yake na ukuta kuna mwanya wa kuingiza vidole. Kwetu, nyumba za wazee wengi zina mwanya kama huo, na haukai mtupu. Wa mama ulikuwa na sindano, uzi, wembe, dawa ya macho. Alikuwa akichomoa anachotaka bila hata kuangalia. Na mimi, mtoto wa nyumba ile, nilikuwa nimemletea mama mlango usio na pa kuweka sindano, tena kwa majivuno.

Nikamwendea na kumwonyesha droo ya kabati.

"Droo ni ya kila mtu, mwanangu," akasema kwa upole. "Huyu anafungua, yule anafungua. Na mimi mwenyewe keshokutwa naondoka."

Neno hilo lilinichoma. Kibondo kulikuwa na mteja akingojea madirisha yake. Nikampigia simu, nikamwomba anivumilie. Nikachukua nyundo na patasi, nikang'oa mkanda wa upande wa mkono wa kulia wa mama.

"Unaharibu?" mke wangu akauliza, akicheka.

"Natengeneza."

Nikapigilia vijiti nyuma ya mkanda ili usimame mbali kidogo na ukuta, na chini nikaziba ili vitu visidondoke. Kona ya juu ikaachia. Ikabaki mdomo wazi, kona ambayo ningeiona kwa fundi mwingine ningemcheka wiki nzima. Mama alikuwa amekaa kitandani akiniangalia. Akainuka, akatia vidole.

"Hapa panabana."

Nikaongeza vijiti. Akatia tena, akatingisha kichwa, nikang'oa tena. Mara ya tatu mkono wake uliingia vizuri, akacheka kwa sauti.

"Sasa umepachika mlango kama baba yako!"

Mimi ambaye maisha yangu yote nilikuwa nikiicheka ile fremu ya baba. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Akaketi, akavuta furushi, akalifungua. Akachomeka sindano, kisha wembe, kisha kichupa cha dawa, kila kimoja mahali pake. Mwisho akatoa kifundo kidogo cha kitambaa, akakifungua kuhakikisha. Zilikuwa mbegu za maboga. Ilikuwa katikati ya kiangazi, mvua bado mbali kabisa. Akafunga kifundo upya, akakisukuma ndani ya mwanya, kule chini kabisa.

"Pale nyuma ya choo," akauliza, "nani analima?"

Nikainama kuokota misumari, maana machozi yalikuwa yananilenga. "Hakuna mtu, mama."

"Basi msipaguse," akasema.