Mvua ya Kalamu Yangu

Wenzangu, nichekeni tu, maana hata mimi nikipita Gitega mbele ya ile nyumba tuliyoitiwa mkutano, natazama upande wa pili kama mtu anayemtafuta mbuzi wake.

Wakati ule tulikuwa tunajenga madarasa Muyinga, mimi karani wa Mzee Nestori, mkandarasi wetu, na kazi yangu ilikuwa kuandika daftari la shantye, yaani pale tunapojenga, kila siku: nani kaja, kazi gani imefanyika, hali ya hewa ikoje. (Alinichukua kwa sababu nimekulia Tanzania, akadhani mtu mwenye Kiswahili safi hawezi kuwa mwongo.) Msimu ule mvua ilitukalia shingoni. Tulijibanza chini ya turubai tunachoma mahindi, mafundi wanataniana hadi mbavu zinauma. Eh, timu ile, naikumbuka jamani!

Sasa Jumamosi moja nikatoroka kwenda Kobero, nilikuwa msemaji wa upande wa bwana harusi kwenye kutoa mahari, na Jumatatu nikaukuta mstari wa siku hiyo mtupu daftarini. Ijumaa ilinyesha, Jumatatu yenyewe inanyesha, basi nikaandika: "Mvua kubwa, kazi imesimama." Nikaenda zangu kunywa chai.

Tukachelewa kumaliza. Mwenye jengo akataka kuvunja mkataba ampe mwingine, sisi tukadai tuongezewe siku ishirini zilizoliwa na mvua, na ushahidi wetu wote ulikuwa daftari langu. Tukaitwa Gitega mbele ya mpatanishi. Nikasoma siku baada ya siku, sauti imenoga, hadi nilipofika ile Jumamosi, injinia wa mwenye jengo, Madamu Odeta, akavua miwani.

"Pardon, karani. Siku hiyo si ndiyo ulikuja Kobero kutuletea mahari ya binti yetu? Mi ni shangazi yake. Ulisimama ukamshukuru Mungu kwa jua zuri, tukakupigia makofi."

Heri ningenyamaza. Nikajitia mjuzi: "Madamu, mvua ya Muyinga saa nyingine haifiki Kobero."

"Sawa. Na wewe uliyekuwa Kobero, nani alikwambia kwenye shantye kunanyesha?"

Kabla sijajibu, Mzee Nestori (mtu wa watu, uongo haujui kabisa) akainuka kuniokoa. "Voilà, mi naikumbuka ile siku! Jua ilikuwa mingi, tulimwaga beto, zege ya lenta yote!"

Chumba kizima kikaangua kicheko, mpatanishi naye. Kisha akalifunga daftari, akasema hawezi kujua mistari mingine niliiandikia wapi. Hatukupata hata siku moja. Mkataba ukavunjwa, mafundi wakatawanyika, mmoja nasikia analima Buraza, wengine sijui. Mzee hakunigombeza njia nzima ya kurudi Muyinga. Alisema tu, "Na zile siku nyingine kweli ilinyesha, mwanangu."

Tangu hapo siku ambayo sikuwepo naiacha wazi, aulize anayetaka kuuliza. Aibu ya kuchekwa ilishaisha. Kinachoniuma ni zile siku nyingine kumi na tisa: nilikuwepo, nimelowa chapachapa pamoja nao, na ni mimi niliyezifanya zionekane uongo.