Wimbo wa Chanja

Mwezi ukiwa mkubwa, sisi wa dagaa tunakuwa hatuna kazi. Dagaa anafuata taa, na ziwa likiwa jeupe lote haoni sababu ya kuhangaika na karabai ya mtu. Mitumbwi inalala mchangani, wanaume wanashona nyavu huku wanadanganyana. Mwaka ule mbalamwezi iliangukia siku chache kabla ya Siku ya Wanawake, kwa hiyo kikundi chetu cha waanika dagaa kikakaa kwenye kibanda cha mwalo, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, huku upande wa Ujiji, kuchagua wimbo wa kuimba mbele ya mgeni rasmi.

Nasema kuchagua kwa heshima tu. Miaka yote tulikuwa na wimbo mmoja wa kumkaribisha mgeni, tunabadilisha cheo. Akija diwani tunamwimba diwani, akija mkubwa kuliko diwani tunamchomeka yeye. Vitenge vilevile, kiuno kilekile.

"Basi tuimbe wa siku zote, twende tukapike," katibu wetu akasema.

"Mi nina wa kwangu," akasema shangazi.

Huyu ni dada yake baba, mjane, na kwenye vikao huwa haongei. Siku hiyo akaimba palepale alipokaa, taratibu, kama anavyoimba akigeuza dagaa:

*Tulikuweka ulinde, hatukukuweka ule.*
*Chanja ni ya mwalo, mwili ni wangu.*

Hakuna aliyeuliza anaimbiwa nani. Pale kwetu chanja zinagawiwa na mwenyekiti wa mwalo. Chanja ni ile meza ndefu ya miti na wavu. Dagaa wakianikwa juu yake wanapata upepo kwa chini na jua kwa juu, wanatoka wanang'aa. Ukikosa chanja unaanika chini, na dagaa wa chini ana mchanga. Mnunuzi akitafuna mmoja tu, anakupa pole na kuhamia kwa jirani. Shangazi alikuwa na chanja nzuri, karibu na maji. Siku moja mwenyekiti akamwambia kuna mambo ya chanja yake wayazungumze nyumbani kwake, jioni, aje peke yake. Shangazi hakwenda. Mbalamwezi ilipoisha na mitumbwi ikarudi ziwani, akaikuta chanja yake ina dagaa wa mwenzetu mwingine. Tangu hapo anaanika chini, na watoto wake anawasomesha kwa dagaa wa mchanga.

"Wimbo mzuri," katibu akasema, "ila kesho yake wote tutaanika chini."

Hapo mimi nikaona nafasi yangu. Mwenyekiti ni kaka wa bibi yangu mzaa mama, kwa hiyo kwangu ni babu, na kwetu babu na mjukuu ni watani. Akinikuta mwaloni ananiita mke wangu, mi namwambia ndoa tutafunga meno yakiota upya. Naweza kumwambia lolote mbele ya watu, na akinuna yeye ndiye anaonekana hajafunzwa.

"Niachieni mimi," nikasema. "Naupeleka kiutani. Hawezi kumnyang'anya mtu chanja kwa sababu ya utani wa mjukuu wake."

Kibanda kizima kikapumua. Tukaanza mazoezi. Nikajifunga mto tumboni, nikatembea mwendo wake ule wa kama barabara yote kanunua yeye, nikaimba maneno ya shangazi huku nawakonyeza wenzangu. Wanawake wakacheka mpaka mmoja akalala kwenye mkeka. Kusema kweli nilikuwa mzuri sana.

Siku ya pili ya mazoezi akapita mwenyekiti mwenyewe. Akasimama, akasikiliza wimbo wote, akacheka mpaka akatoa kitambaa kujifuta macho.

"Mke wangu, unanichafua."

"Nakufua, babu. Uchafu ulikuja nao."

Akacheka tena, akaninunulia soda, akaenda zake. Wenzangu wakanipigia vigelegele. Shangazi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, hacheki.

"Soda tamu?" akaniuliza.

"Ya moto kidogo."

"Kunywa. Halafu uniambie, akishacheka, nini kimebaki?"

Nikaiweka chupa chini.

"Mwanangu, mi sijafanyiwa utani," akasema. "Ningefanyiwa utani ningecheka na mimi. Ukimwimbia vile, watu watakwenda nyumbani wakisema yule mzee ni mcheshi, anatukanwa na hakasiriki. Heri muimbe ule wa mgeni rasmi."

Kikundi kikakaa tena. Katibu akasema sasa tuna nyimbo tatu, wa mgeni, wa utani, na wa shangazi kama ulivyo, bila mto wa tumbo. Mama mmoja wa Kagunga, aliyehamia kwetu na biashara yake, akasema yeye ana wajukuu wanaokula kwa chanja yake, asilazimishwe ushujaa. Na hakuna aliyemlaumu, maana ndivyo wote tulivyokuwa tunawaza.

Kisha akaongea yule aliyepewa chanja ya shangazi. Ni dada mnyamavu, ana mtoto mgongoni. Tulikuwa tumemsema vibaya miezi mingi, mimi nikiwa namba moja.

"Mimi nilikwenda," akasema.

Hakusema wapi. Akamhamisha mtoto kutoka mgongoni kwenda mapajani, akamnyonyesha.

Katibu akavua miwani, akaifuta na kitenge, akaivaa. "Basi tuimbe wa shangazi," akasema. "Wote, kwa sauti moja, asijulikane nani kaanza." Mama wa Kagunga akasema kama ni wote, na yeye ataimba, ila asimame nyuma.

Siku yenyewe tukasimama mbele ya turubai. Mgeni rasmi katikati, mwenyekiti kiti cha pembeni amevaa shati jipya. Aliponiona akaanza kucheka kabla sijafungua mdomo, akamgusa jirani yake begani kama kumwambia huyu ni wangu, subiri uone.

Tukaimba. Mi nilikuwa naangalia mbele tu. Jamani, kuimba bila kuchekesha ni kazi. Mikono sikujua niiweke wapi. Lile cheko lake likakaa usoni mpaka ubeti wa pili, akisubiri mto wangu wa tumbo, halafu likaondoka kidogo kidogo. Sauti ya shangazi sikuisikia peke yake hata mara moja. Tulipomaliza hakuna aliyepiga makofi haraka. Mgeni rasmi akainama akamuuliza katibu, "Huu wimbo ni wa nani?"

"Wetu," akasema katibu.

Mwenyekiti hajaondolewa, nisiwadanganye. Kilichotokea ni kwamba iliitishwa mikutano miwili ya kuulizana, ikaamuliwa chanja zigawiwe mchana, mwaloni, wenyewe wote wakiwepo. Kwenye huo mgao shangazi hakutajwa. Na mama wa Kagunga kweli akasogezwa chanja ya nyuma, kwenye kivuli, akatulaumu wiki nzima, na haki anayo.

Mbalamwezi ilipokwisha, mitumbwi ikaingia ziwani usiku, ikarudi asubuhi imejaa. Shangazi akamwaga ndoo yake mchangani kama kawaida, akapiga goti kuanza kusambaza. Yule dada mnyamavu akaja. Alikuwa amejaza chanja yake upande mmoja tu.

"Shangazi," akamwambia, "huku kuna nafasi."

"Na wewe utaanika wapi?"

"Mi nimeshaanika."

Shangazi akaangalia ile nusu iliyobaki, kisha akaniangalia mimi, ambaye nilikuwa nimeshika beseni na nina maneno tele mdomoni.

"Wewe usiongee," akasema. "Lete hilo beseni, tuwazoe tuwapandishe. Kuna wingu linakuja kutoka Kongo."